Uta Mtupu, Kiti cha Shanga

Uta wangu wa kwanza niliuvunja kwa kuupamba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, ilikuwa likizo ya Agosti hapa Nyacheki, na kila alasiri mvua ilitufungia ndani. Nilikata ufito, nikauchonga kwa kisu cha jikoni, nikauning'iniza juu ya moshi hadi ukakauka, kisha nikaufunga ugwe wa katani. Uta huo ulikuwa hodari. Ulirusha mshale wa bua kutoka uani kwetu ukavuka ua wa jirani na kutua kwenye majani ya chai. Ningeishia hapo, leo ningekuwa na hadithi nyingine.

Lakini nilikuwa nimekitazama mno kiti cha babu. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa katika gogo moja, na juu yake shanga nyekundu, nyeupe na za buluu zilikuwa zimezamishwa ndani ya mti zikafanya nyota. Nikaona kinachokipamba kiti kitaupamba na uta. Nilichukua ushanga wa dada yangu bila kumuuliza, nikachoma msumari motoni, nikatoboa vitundu kumi na viwili kwenye mgongo wa uta, nikashindilia shanga humo. Nilipouvuta mara ya kwanza ulilia. Mara ya tatu ulikatika palepale kwenye ushanga wa nne, na shanga zikaruka uani, kuku wakazikimbilia.

Babu hakunigombeza. Aliokota vipande viwili, akavitazama mahali vilipokatikia, akasema, "Mjukuu wangu, mti wa kiti umelala. Mti wa uta uko kazini. Aliye kazini humtobolei mgongo." Kisha akaokota ushanga mmoja mwekundu, akaupuliza kuondoa vumbi, akaushindilia kwenye tundu moja lililokuwa tupu ukingoni mwa kiti chake.

Imenichukua miaka mingi kuona kwamba maneno yale yanaeleza sehemu kubwa ya historia ya nakshi katika pande zetu hizi, kutoka Pate hadi Ukambani hadi vilima vya Kisii, na hata ng'ambo ya bahari.

Tuanze na mti wenyewe. Uta unapovutwa, upande unaomtazama adui, ambao mafundi huuita mgongo, hunyooshwa kama ngozi ya ngoma. Upande unaomtazama mpigaji, yaani tumbo, hubanwa. Katikati ya unene wake mti haunyooshwi sana wala haubanwi sana. Mzigo mkubwa wote uko juu juu, kwenye nyuzi za mti zilizo karibu na uso, na huko ndiko nakshi ya kuzamisha inakotaka kukaa. Ukitoboa mgongo wa uta umekata nyuzi zilezile zinazobeba kazi yote. Ndiyo maana mtengeneza uta mzuri hufuata uzi mmoja wa mti kutoka ncha hadi ncha, na akikuta kifundo huzunguka pembeni yake, hakikati.

Uta wa Afrika Mashariki una shida ya ziada kwa mpenda mapambo. Kwa kawaida ni ufito mmoja usio na mpini wa pekee, na hujipinda karibu wote, hata pale mkono unaposhika. Hauna mahali pa kupumzika. Kwa hiyo mafundi wetu waliupamba kwa kuuvisha. Walizungusha waya mwembamba wa shaba au chuma, wakavuta ngozi mbichi juu ya mti na kuiacha ikauke ikaubane, wakapaka mafuta hadi mti ukawa mweusi unaong'aa. Mapambo ya namna hiyo yanaushika mti badala ya kuujeruhi. Ngozi inayokauka hata huuongezea nguvu.

Waata wa Tsavo, wawindaji wa ndovu wa zamani, walikuwa na nyuta za kuogofya. Zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuzivuta, na wanaume wazima kutoka Ulaya walishindwa kuzifikisha shavuni. Kwa macho zilikuwa fimbo tu. Ufundi wa kuonekana ulikuwa kwenye mishale, kwa manyoya yaliyokatwa vizuri na alama ya mwenyewe. Alama hiyo haikuwa urembo wa bure. Ndovu akianguka mwendo wa siku moja kutoka pale alipopigwa, na wawindaji watatu wakidai ni wake, mshale ndio ulioamua kesi. Sumu ya mti ulio katika jamii ya msunguti ilifanya kazi ya kuua, alama ikafanya kazi ya kugawa nyama. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 serikali iliendesha kampeni kali dhidi ya ujangili hadi uwindaji ule ukavunjika. Wengi wa wawindaji hao walifungwa jela kwa kazi ambayo baba zao waliifanya kama mimi ninavyochuma chai.

Nje ya bara letu kanuni ni ileile, ingawa watu matajiri wamejaribu kuihepa. Nyuta zilizokutwa Holmegaard nchini Denmark, zenye umri wa miaka kama elfu tisa, ni mti mtupu. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, kulikuwa na nyuta nyingi, na baadhi zilikuwa za kuunganisha mti, pembe na mishipa ya wanyama. Mafundi wa Farao walitumia gome la mti na dhahabu kuzipendezesha, lakini kwa kuzivisha juu. Waturuki wa zama za masultani, ambao labda hakuna aliyewashinda kwa kutengeneza uta, walichora maua kwa rangi na dhahabu, kisha wakapaka vanishi. Rangi haimkati mtu mishipa.

Nakshi ya kuzamisha ilipata nafasi pale silaha ilipopata kipande cha mti kisichojipinda. Wajerumani wa karne za 15 na 16 walikuwa na silaha ambayo uta wake, mara nyingi wa chuma, ulifungwa juu ya gogo kama kitako cha bunduki. Gogo hilo halikuwa na kazi ya kujipinda, basi walilijaza mifupa na pembe za kulungu, picha za wawindaji, wanawake na mbwa, hadi mti wenyewe ukawa haupo machoni. Bunduki ilipochukua mahali pa uta, kitako chake kilirithi mapambo yaleyale. Huku kwetu pwani bunduki za mrao zilizoletwa na Waarabu zilivishwa pete za fedha na kutiwa madini na pembe kwenye mti wake. Mpini wa jambia la Oman nao ulivalishwa fedha. Kila mahali mti uliolala ulivikwa, na mti ulio kazini ukaachwa.

Kiswahili kina neno lake kwa ufundi huu, njumu. Kutia njumu ni kuzamisha madini, pembe au mfupa ndani ya mti, au kupiga vichwa vya misumari ya shaba hadi vifanye michoro. Watu wanasema sanduku la njumu, bakora ya njumu. Sijawahi kusikia uta wa njumu. Lugha nayo inajua.

Kazi kubwa ya njumu ya Waswahili ni kiti cha enzi. Anayetaka kukiona aende jumba la makumbusho la Lamu. Ni kiti kirefu cha mbao nyeusi, mgongo wake umesimama wima, pembeni kuna mikono iliyonyooka, na mahali pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa kamba nyembamba za pamba. Katika mbao zake vipande vya pembe za ndovu na mfupa vimechomekwa kimoja kimoja kwa vipimo. Mtafiti James de Vere Allen aliyeandika juu ya viti hivi alikuwa na maswali mengi kuhusu asili yake. Umbo lina mwangwi wa Misri ya zama za Wamamluki, wa Ureno na Uhispania, wa India. Mafundi wa Siyu, Pate na Lamu walilifanya liwe lao. Viti vingi tunavyoviona leo ni vya karne ya 19, na havikutengenezwa kwa ajili ya starehe. Mgeni wa heshima alikalishwa humo ili aonekane, naye alikaa wima kama nguzo akisubiri kahawa.

Sasa tazama chombo kilichotoboa matundu ya kazi hizo. Seremala wa pwani alitumia keekee, chuma chenye ncha kilichokaa ndani ya mti uitwao msukano, juu yake kishikio kiitwacho jivu, na kilizungushwa kwa uta. Ndiyo, uta. Fimbo ndogo iliyopinda, kamba yake ikazungushwa mara moja kwenye msukano, ikasukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Basi uta ambao hauwezi kubeba njumu ndio uliozitoboa njumu zote. Napenda sana jambo hili, na sina hakika kwamba linathibitisha chochote.

Pwani ileile ina shujaa wake wa mishale, Fumo Liongo. Watu wanajua alivyouawa. Mwanawe alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, naye Liongo akatoka mjini na kupiga goti karibu na kisima, akapachika mshale na kuuvuta uta, akafa hivyo. Watu walikosa maji siku kadhaa kwa kuogopa maiti iliyoshika uta. Hakuna anayesimulia uta ule ulikuwa na mapambo gani. Kila mtu anataja shaba, na shaba iliingizwa mwilini mwa Liongo.

Kutoka pwani tunapanda bara, na njia ni ya pembe za ndovu na waya. Wakamba walikuwa watu wa uta kuliko jirani zao wengi, na pia walikuwa wafanyabiashara. Ludwig Krapf alifika Ukambani mwaka 1849, akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa na misafara yake hadi Mombasa. Kivoi aliuawa mwaka 1851 akiwa safarini na Krapf huyohuyo, ambaye aliponea chupuchupu. Misafara ile iliteremsha pembe na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Sehemu ya waya ilivutwa na wahunzi kuwa mikufu myembamba ambayo hadi leo inashangaza. Sehemu nyingine ilizamishwa kwenye viti vya wazee.

Kiti cha mzee wa Kikamba kina miguu mitatu na uso wa duara, na juu ya uso huo waya umepigwa nyundo hadi ukakaa sawa na mti. Kuna miduara, kuna misalaba, kuna mistari inayokimbia kutoka katikati kama miale ya jua. Vijana hawakukalia. Mwanamume alianza na uta na akaishia na kiti, na kati ya vitu hivyo viwili ndipo maisha yake yote yalipokuwa. Ukoo uliweka alama yake kwenye mshale, kwenye mzinga wa nyuki na kwenye ngozi ya ng'ombe, lakini shaba ilingoja hadi mtu aketi.

Jadi hiyo ya kuchonga ndiyo iliyozaa, kwa njia ya ajabu kidogo, vinyago vya twiga vinavyouzwa kila uwanja wa ndege. Mutisya Munge wa Wamunyu, mchongaji wa vitu vya kienyeji, alichukuliwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona Wazaramo wakichonga sanamu, akarudi nyumbani na ujuzi mpya. Wanakijiji wakamfuata. Waya ukapotea kwenye kazi hizo, kwa sababu mtalii hununua twiga, na twiga hana haja ya njumu.

Shanga zina safari ndefu zaidi ya waya. Huko Pate kuna magofu ya mji unaoitwa Shanga, uliochimbwa na Mark Horton katika miaka ya 1980. Ulikaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15, na katika udongo wake zilitoka shanga za kioo zilizovuka bahari. Jina la mji na jina la kitu yamefanana, na wenyeji wana hadithi zao kuhusu hilo. Kwa karne nyingi shanga hizo zilitoka India. Kufikia karne ya 19 zilikuwa zinamiminika kutoka Murano karibu na Venice na kutoka Bohemia, kwa mapipa. Kila kabila la bara lilikuwa na mitindo yake na lilikataa rangi isiyo ya msimu. Joseph Thomson alijifunza hilo kwa uchungu huko Taveta mwaka 1883. Aliambiwa Wamasai hawapokei shanga zisipotungwa kwa nyuzi za urefu wanaoutaka, ikabidi wapagazi wake wakae kitako siku nyingi wakitunga upya maelfu ya nyuzi. Msafara uliojiandaa kwa vita ulisimamishwa na kazi ya kutunga ushanga.

Vilima vyetu vya Kisii vilikuwa kando ya njia kuu za misafara. Shanga zilitufikia kwa mkono wa pili na wa tatu, kutoka ziwani na kutoka kwa jirani, hivyo zilikuwa chache na ghali. Reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, kila kitu kiligeuka. Wahindi walifungua maduka ukingoni mwa ziwa, kisha bara. Mji wa Kisii ulianza kujengwa miaka michache baadaye, na dukani shanga zikapimwa kwa kikombe.

Uta nao ulikuwa unakaribia mwisho wa kazi yake ya kwanza. Nyacheki iko Bobasi, upande unaotazama Transmara, na ukitoka hapa kwenda Nyangusu unafika mpakani. Mpaka huu umeona ng'ombe wakienda na kurudi tangu zamani. Abagusii, yaani sisi watu wa Kisii, walikuwa na desturi ya kuwaweka vijana pamoja na mifugo katika ebisarate, kambi za ng'ombe zilizojitenga na maboma ya wazee. Kijana wa egesarate alilala na silaha zake. Uta, mkuki na ngao vilikuwa kazini usiku na mchana, na hapakuwa na sababu ya kuupamba uta uliokuwa hatarini kuvunjika kabla ya mvua ijayo.

Waingereza walikuja na bunduki. Walifanya msafara wa adhabu mwaka 1905, na mwingine mwaka 1908 baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki ofisa wao Geoffrey Northcote. Northcote alipona, na maisha yake yaliyobaki yalimpeleka hadi kuwa gavana wa Hong Kong. Otenyo hakupona. Haikupita miaka mingi serikali ikazivunja ebisarate, ng'ombe wakarudi kwa baba zao, na vijana wakaanza kutafutwa kwa ajili ya kodi na kazi za mashamba ya wazungu. Uta ukapanda darini. Septemba 1914 Wajerumani walipouingia mji wa Kisii na kupigana na Waingereza, wenyeji waliteremka wakapora maduka, na baadaye wakatozwa ng'ombe kwa ajili hiyo. Natamani kuamini kwamba baadhi ya shanga za viti vya zamani zilitoka kwenye mifuko iliyobebwa siku ile. Sina ushahidi wowote. Ni tamaa ya mwandishi tu.

Kilichokuja kushamiri katika miongo iliyofuata ni kiti. Viti vya shanga vya Abagusii vilivyomo katika makusanyo ya ng'ambo vingi huhesabiwa kuwa vya karne ya 20, na ukiviona utajua kwamba mafundi walikuwa na shanga za kutosha kuchezea. Uso wa duara umebonyea kidogo katikati kama sahani, na shanga zimepangwa kwa nyota, kwa petali za ua, kwa miduara ndani ya miduara.

Cha babu nimekifuta vumbi mara nyingi kuliko ninavyofuta meza yangu ya kuandikia, kwa hiyo naweza kukieleza. Kina upana wa shubiri moja na nusu. Hakina msumari wala gundi. Kila ushanga umelazwa tundu lake likitazama juu, na ndani ya tundu hilo mafuta ya mwili na vumbi la miaka vimekauka vikawa nukta nyeusi, hivyo kwa mbali unaona rangi lakini kwa karibu unaona macho. Nyekundu ziko katikati. Nyeupe zinachora miale sita. Mwale mmoja una kosa. Fundi alikosea hesabu akaingiza buluu mbili mfululizo, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Pale mzee alipozoea kukaa, shanga zimelainika hadi zinateleza chini ya kidole. Ukingoni kuna mashimo matupu, na mti wa ndani ya mashimo hayo bado ni mweupe.

Fundi mmoja mzee wa upande wa Nyangusu alinieleza siri yake akiwa anakata kucha kwa wembe, kana kwamba si siri. Kiti huchongwa mti ukiwa bado na maji. Tundu hutobolewa dogo kidogo kuliko ushanga, ushanga hushindiliwa kwa kidole gumba kisha kwa kipande cha mfupa, uso ukasuguliwa, na kiti kikawekwa kivulini kikauke polepole. Mti ukikauka husinyaa. Kila tundu linapungua, na kila ushanga unashikwa shingo. Fundi hahitaji gundi kwa sababu kukauka kwenyewe kunamalizia kazi. Nilimuuliza kama mti huo ukiwekwa juani moja kwa moja itakuwaje. Alicheka. "Utapasuka, na wewe utarudi kununua kingine."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ushanga ule mwekundu ambao babu aliushindilia kwenye kiti chake siku ya uta wangu ulianguka kabla likizo haijaisha. Mti ulikuwa umekwisha kauka miaka mingi. Mti mkavu haushiki mgeni.

Kiti hicho kilikuwa na kazi. Chungu cha pombe kikiwekwa katikati, wazee walikizunguka kwa umri wao, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mashauri ya mashamba na mahari yalisikizwa na wazee wa baraza liitwalo etureti wakiwa wamekaa, na aliyesimama alikuwa mshitakiwa au mtoto aliyetumwa moto. Kwetu mwana hakalii kiti cha baba yake. Hata baada ya mazishi kiti kilikaa miezi kadhaa ukutani kabla mtu hajathubutu.

Wamisionari ndio waliokipunguzia kazi. Wakatoliki walikuwa Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakaja Nyanchwa mwaka uliofuata, na hawa wa pili walikataza pombe na hawakupenda mapambo ya mwilini. Chungu kikaondoka, mirija ikaondoka, na wanawake wakavua shanga shingoni. Kiti hakikuwa dhambi, lakini kilipoteza wenzake. Mabenchi ya kanisani yalikuwa ya mbao za kuranda, na vijana waliojenga nyumba za mabati walitaka viti vya mgongo. Kisha wakaja wanunuzi na gari, wakatoa noti, wakaondoka na vigoda vilivyokuwa vikitumiwa kukamulia ng'ombe wa maziwa. Wajukuu wanavikuta leo katika picha za maduka ya sanaa ya Ulaya. Mchongaji wa hapa akitaka riziki, kwa kawaida huenda kwenye mawe ya sabuni ya Tabaka.

Uta haukufa kabisa. Mpaka unapochafuka unateremshwa darini. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofika mpaka wa Borabu na Sotik, soko la Chepilat liliteketea, na magazeti yalijaa picha za vijana wa pande zote mbili wakiwa na pinde mkononi. Nilizitazama picha hizo kwa jicho la aliyewahi kuvunja wake. Zilikuwa fimbo tupu, moja moja, zimefungwa haraka. Hakuna aliyekuwa na wakati wa kitu kingine, na afadhali isingekuwepo hata hiyo fimbo.

Huko Marekani uta ulipata kitu ambacho wetu haukuwahi kuwa nacho, mpini mnene usiojipinda. Fred Bear, aliyeanza biashara yake Detroit mwaka 1933 na baadaye akahamia Grayling, Michigan, alikuwa miongoni mwa waliogundua kwamba tabaka za mbao na nyuzi za kioo zikigandishwa pamoja, mikono miwili ya uta inaweza kufanya kazi yote na katikati pakabaki pamelala. Alipogundua hivyo alifanya kile ambacho binadamu hufanya akiona mti uliolala. Alichimba shimo akaweka medali ya mviringo kama sarafu, ya shaba au ya alumini. Leo watengeneza nyuta wa nyumbani huko huchonga mpini kwa mbao tatu nne za rangi tofauti, wakazamisha mfupa, pembe, chaza, hata mawe, na kujaza mapengo kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kwa Kiswahili tungeuita uta wa njumu. Umechelewa kidogo kuzaliwa.

Binamu yangu anaishi Minnesota, ambako watu wa Kisii ni wengi kiasi kwamba anasema hununua wimbi na mnavu bila kwenda mbali. Mwaka juzi alianza kuwinda kulungu kwa uta, naye alimpata fundi wa kumchongea mmoja. Akanitumia picha ya mpini kabla haujamalizwa. Ni mti mwekundu wenye ukanda mweusi, na fundi ameacha kitundu kidogo juu ya mahali pa dole gumba. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. Alitaka ushanga mmoja kutoka kiti cha babu, wowote, hata wa buluu.

Nilikiweka kiti mezani jioni, nikawasha taa, nikachukua sindano ya kushonea magunia. Nilianza na ushanga wa ukingoni uliokuwa ukionekana legelege. Haukutoka. Nikajaribu mwingine, wa zile buluu mbili za kosa, nikidhani fundi naye angefurahi kosa lake likiondolewa. Nilizungusha sindano, nikachokonoa nukta nyeusi hadi tundu likawa safi, nikaona mti ulio chini yake. Ushanga ulikaa palepale. Nikashindilia kwa nguvu zaidi, sindano ikapinda.

Nikamwandikia kwamba kiti kimekataa, na kwamba shanga hizi tangu mwanzo zilikuja kwetu kutoka ng'ambo ya bahari, basi akanunue huko huko. Alijibu usiku wa manane wa kwetu. Alikuwa dukani, na alitaka kujua nyekundu ile ni nyekundu ya namna gani.